Lebo Inaishia Pale Fundi Anapoanza

Mkanda wa usalama wa gari ulikuwa mwekundu, wa pointi sita, na kijana aliyeuleta alitoka nao Koboko hadi Arua ndani ya begi la shule. Aliununua kwa mtu ambaye naye aliupata kwa mtu. Ukiutazama kwa mbali ulikuwa mzuri: bizimu linafunga kwa mlio, linafunguka kwa kuzungushwa mara moja, nyuzi hazijachomoka. Nikaugeuza nikitafuta kitambaa kidogo kinachoshonwa kwenye kamba ya bega. Kilikuwapo. Jina la FIA, shirikisho la kimataifa la magari, namba 8853/98, na chini yake mwaka wa mwisho wa kutumika, ambao ulikwisha kupita kitambo.

"Lakini haujawahi kupata ajali, mzee," akaniambia.

Huenda ni kweli, ila mkanda hauozeshwi na ajali peke yake. Kamba zile ni nyuzi za poliesta. Jua linazila, jasho linazila, na mchanga unaoingia katikati ya nyuzi unazikata taratibu kila dereva anapojikaza. Ndiyo maana mikanda yenye kibali cha FIA hupewa miaka mitano tu, na ile ya SFI ya Marekani, yenye alama 16.1, miaka miwili tangu itengenezwe. Na ukishapata kishindo kikubwa mara moja, unatupwa hata kama tarehe haijafika, kwa sababu kamba huokoa mtu kwa kuvutika, na iliyokwisha kuvutika haina tena cha kutoa. Leo namba ya kutafuta kwenye mkanda mpya wa FIA ni 8853-2016.

Kijana huyu ana Toyota Mark II, injini mbele, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na anataka kuingia mashindano ya ridhaa ya dirifti, yale ya kuliendesha gari likiteleza ubavu. Aliniomba nimsaidie kuchagua vifaa. Nayaandika tuliyoyafanya kwa sababu Koboko iko kwenye pembe ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, na Arua ni soko la njia hiyo hiyo. Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, inaunganisha mpaka wa Kongo na wa Sudan Kusini. Bidhaa zinaingia kwa huku na kwa kule, nyingine zinapanda kutoka Kampala, na zikifika dukani anayeuza mara nyingi hajui kitu hicho kilipimwa kwa ajali ya aina gani. Mnunuzi inabidi ajue mwenyewe.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tuliomba kanuni za mashindano yenyewe. Mchezo wa magari Uganda uko chini ya FMU, shirikisho la vilabu, ambalo liko ndani ya familia ya FIA, lakini mashindano ya ridhaa huwa na kurasa zake zinazosema wanakubali kibali kipi na cha mwaka gani. Asiyezisoma hununua kifaa halali kisha mkaguzi anakikataa asubuhi ya mashindano.

Helmeti ilituchukua siku nzima. Zile za madukani Arua karibu zote ni za boda boda, na si haki kuzidharau. Ukifunua ukanda wa kidevu ukakuta herufi E ndani ya duara, na namba pembeni yake, umepata kitu kilichopimwa: 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, yaani nchi iliyotoa kibali chini ya kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Mfuatano wa tarakimu unaofuata ukianza na 05, ni toleo la zamani. Ukianza na 06, helmeti hiyo imepimwa pia jinsi inavyozuia kichwa kuzungushwa kwa ghafla inapogonga kwa mshazari. Stika ya DOT iliyobandikwa kisogoni siiamini kiasi hicho. Katika utaratibu wa Marekani mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba helmeti yake imefaulu, na stika ni kitu rahisi kuchapisha popote.

Sasa, mwendesha boda huangukia barabara au ukingo wa lami. Dereva wa dirifti yumo ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma, amefungwa, hawezi kuruka, na tangi la petroli liko nyuma yake. Wakfu wa Snell uliliona hilo mapema. Ulianzishwa 1957, mwaka mmoja baada ya dereva William Snell kufa mashindanoni California akiwa na helmeti iliyoshindwa kumlinda. Helmeti zake zenye alama M ni za pikipiki, zenye SA ni za magari. Zile za SA hupigwa pia kwenye chuma chenye umbo la bomba la kizimba, na hupitishwa motoni. Za M hazipimwi kwa moto. Tena SA2015 na SA2020 huja na sehemu za skurubu za kufungia HANS, kile kifaa cha mabegani kinachozuia kichwa kisirushwe mbele kikiacha mwili nyuma. Kifo cha dereva wa Marekani Dale Earnhardt kule Daytona, Februari 2001, kilikuwa cha jeraha la namna hiyo, kuvunjika kwa mfupa wa kitako cha fuvu.

Kuna moja ya SA tuliyoipata, iliyotumika. Nikatoa kitambaa cha ndani, nikabonyeza povu kwa kidole gumba kuanzia utosini kushuka. Juu ya sikio la kushoto povu lilikuwa limebonyea, kama embe lililoanguka, ingawa rangi ya nje haikuwa na mkwaruzo. Mtu alikuwa ameipaka upya. Tukairudisha. Povu hilo hufanya kazi mara moja tu: linasagika ili ubongo usisagike.

Kiti tulikiamua haraka. Gari la dirifti linakwenda ubavu, mara nyingi na jingine likilifuata kwa karibu, kwa hiyo pigo hutokea mlangoni. Viti vya michezo vinavyotolewa kwenye magari ya mitumba vinapendeza, lakini vinalala nyuma na havina matundu ya kamba za mapajani. Tulichagua kiti kisichokunjika, chenye mbawa za kichwani na kibali cha 8855-1999, kikiwa ndani ya miaka yake mitano. Ovaroli ilikuwa rahisi zaidi: namba 8856-2018 hutariziwa nyuma ya ukosi.

Halafu tukafika kwa fundi wa kuchomelea, na hapa ndipo nilipoanza kuogopa kwa dhati. Hadi sasa kila kitu kilikuwa na lebo. Kizimba hakina lebo. Kinatengenezwa uani, na fundi yule, ambaye kazi yake naiheshimu, alikuwa ameandaa mabomba ya maji. Nikamwomba akate kipande, tukaingiza kidole ndani: kuna mstari ulioinuka, alama ya mshono. Kanuni za FIA zinataka bomba lisilo na mshono, lenye nguvu isiyopungua 350 kwa kipimo cha nyutoni kwa milimita mraba, na kwa upinde mkuu kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Tena bomba la maji limepakwa zinki, ambayo ikichomwa hutoa moshi wa sumu na kuacha matundu kwenye weldi. Fundi akapima kwa vernia, akanyamaza, akasema, "Hili tulifanyie geti." Bomba la sawa likaagizwa Kampala, karibu kilomita 500.

Kijana alikuwa anataka kamba za mabega zifungwe sakafuni, nyuma ya kiti. Zingeshuka kwa mteremko mkali, na siku ya kishindo zingemkandamiza uti wa mgongo kuelekea chini. Mteremko usizidi digrii 45, kwa hiyo fundi aliongeza bomba la mlalo nyuma ya kiti, na kamba zikafungwa hapo. Za kiunoni na za mapajani zilikwenda kwenye bodi, kila moja na bamba la chuma chini yake, unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 40. Bila bamba hilo, boliti hupasua bati la sakafu na kupita.

Mwisho tulimkalisha. Helmeti kichwani, mkanda umekazwa hadi akalalamika, kizimamoto cha kilo 2 kimefungwa kwa bendi za chuma mbele ya kiti cha abiria. Nikamwambia akishike. Mkono ukanyooka, vidole vikaishia hewani, upana wa kiganja kabla ya mpini. Fundi alikwisha kuchukua drili.