«Bwana» ni Nani?

Kitabu cha Moïse Rahmani juu ya Wayahudi wa Kongo, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2002, kinaitwa «Shalom Bwana». Hapa hatupimi kurasa zake. Tunapima jina tu, kwa kuwa neno la pili ni letu, nasi walimu wa Kiswahili hatuna budi kulitolea hesabu.

«Shalom» na «salamu» ni maneno ya ukoo mmoja. Ugumu umo katika «bwana». Hapa Jabe, mjini Bujumbura, kijana humwita mwenzake bwana bila kumpandisha cheo. Zama za Wabelgiji, bwana alikuwa mwenye amri. Basi, katika jina hili, nani anamsalimu nani?

Historia inalitia swali hili uzito. Wayahudi wengi wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, walitoka kisiwa cha Rhodes. Wa mwanzo walikimbia ufukara. Wengine walisukumwa na sheria za ubaguzi za Italia za mwaka 1938. Walio wengi walijitafutia riziki katika biashara, hasa ya vitambaa, na mgeni alipokelewa dukani kwa jamaa yake. Mwezi Julai 1944 Wayahudi zaidi ya 1,600 waliobaki Rhodes walikamatwa na kupelekwa Auschwitz. Walionusurika walikuwa wapatao 150. Kwa waliotangulia Kongo, jora la kitambaa lilikuwa riziki, na safari ile ilikuwa uhai.

Hata hivyo, aliyekimbia kudharauliwa kwao aliitwa bwana katika nchi ambayo mwenyeji hakupewa heshima hiyo. Na kitambaa hakiwi vazi mpaka kipite mikononi mwa fundi cherehani. Tukilisoma jina kama salamu ya Mwafrika kwa mwenye duka, fundi huyo anabaki nje, barazani. Tukilisoma kama salamu ya mwenye duka kwa fundi, wote wawili wanakuwa watu sawa.

Kwa maoni yetu, jina ni zuri kwa sababu linabeba maana zote mbili; kasoro yake ni kwamba asiyejua Kiswahili atasikia moja tu, ile ya utawala. Mwalimu alipeleke darasani. Awaulize wanafunzi pia: mkimbizi wa Kongo anayeshona nguo zetu mjini humu, tunamwita nani?