Ufundi wa Kupokea Kisahani

Katika michezo ya kulenga, sifa zote humwendea mrushaji, na aliyetengeneza shabaha husahauliwa kabla mchezo haujaanza. Hali hii si ya haki, kwa sababu shabaha ndiyo inayoamua mtupo upi ni mzuri na upi ni mbaya, na mtu aliyeiunda ndiye aliyekwisha kutoa hukumu hiyo mapema, kwa vipimo alivyochagua na kwa vitu alivyoviunganisha. Insha hii inausifu ufundi huo kwa kutazama shabaha za gofu ya visahani zinazoundwa kwa vyuma vya baiskeli kuukuu, na inauchukua mji wa Gisenyi, ulio katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, kuwa mahali pa kuupimia, kwa kuwa ni nadra kupata mji ambamo mahitaji ya kazi hiyo yamekusanyika karibu namna hiyo.

Gofu ya visahani ni mchezo ambao mchezaji hurusha kisahani cha plastiki, chenye upana wa sentimita 21 hivi na uzito usiozidi gramu 200, kutoka mahali palipowekwa alama hadi kwenye shabaha, na anayemaliza mzunguko kwa mitupo michache ndiye mshindi. Asili yake ni ya vitu vya bure. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, vijana walirusha vifuniko vya makopo kuelekea kwenye duara zilizochorwa mchangani, na baada yao kwa miaka mingi wachezaji wa Marekani walilenga miti, nguzo za taa, mapipa ya taka na pete za kuchezea watoto. Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyouza visahani vya Frisbee, aliweka uwanja wa kudumu wa kwanza mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, na shabaha zake mwanzoni zilikuwa nguzo tupu. Nguzo hizo zilizua ugomvi usiokwisha, kwa kuwa kisahani kinachopita kwa kasi kinaweza kuigusa nguzo au kuikosa kwa unywele bila jicho kutambua, ndipo Headrick akabuni kikapu kilichoning'inizwa minyororo juu yake, akapewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda uvumbuzi, mwaka 1977. Tangu hapo swali la kama kisahani kimegusa shabaha lilikoma kuulizwa, likabaki moja tu: je, kimebaki ndani?

Swali hilo jipya ndilo linalomgeuza mtengenezaji wa shabaha kuwa fundi. Kuweka kitu cha kugongwa ni kazi nyepesi, lakini kuweka kitu cha kupokea kinachokuja kwa kasi, kikisimamishe, kisikirudishe wala kukiharibu, kunahitaji elimu ya mwendo. Kisahani huja na mienendo miwili kwa pamoja, wa kusonga mbele na wa kujizungusha, na ule wa pili ndio wenye hila zaidi. Kinaporushwa na mtu wa mkono wa kulia kwa mtindo uliozoeleka, kikitazamwa kutoka juu huzunguka kufuata mishale ya saa, na ukingo wake wa mbele unapoikwaruza minyororo, msuguano hukisukuma kushoto. Ndiyo maana kilichoingia kulia kidogo mwa mlingoti ulio katikati ya kikapu huvutwa kuelekea katikati kikatua, na kilichoingia kushoto kwa kiasi kilekile huteleza nje. Mchezaji hulalamika kwamba shabaha imemdhulumu, ilhali imetii tu sheria za maumbile.

Tatizo la kusimamisha kilichorushwa bila kukiumiza halikuanzia Marekani. Rwanda ya kale ilikuwa na mashindano ya kumasha, yaani kulenga shabaha kwa upinde na mshale, na vijana waliyafanya pamoja na kurusha mkuki na kuruka juu kama sehemu ya malezi yao. Kwa kazi ya aina hiyo ni vigumu kukishinda kipande cha shina la mgomba. Shina hilo si mti hasa, bali ni maganda yaliyofungamana, yaliyojaa maji na vijitundu vya hewa, kwa hiyo ncha huzama humo polepole na kushikwa pande zote bila kupinda, na likishachakaa hutupwa shambani likawa mbolea. Majani makavu ya mmea huohuo ndiyo yanayofungwa kwa kamba kuwa mpira wa watoto, unaoitwa karere. Mgomba, hata hivyo, haukifai kisahani, kwa sababu kitu butu hakizami bali hudunda, na kwa kitu kinachodunda hapana budi shabaha yenyewe iwe tayari kusogea.

Hapo ndipo baiskeli inapoingia. Rubavu, kama wilaya nyingine nyingi za Rwanda, ina abanyonzi, yaani waendeshaji wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli, na baiskeli zao nzito za chuma hupandishwa vilima na kushushwa siku nzima, hivyo minyororo na ringi hubadilishwa mara kwa mara na mabaki hulundikana kwa mafundi. Ringi ya inchi 28 ya baiskeli za namna hiyo ina upana wa takriban sentimita 64, jambo ambalo ni bahati kubwa, kwani unakaribiana sana na upana wa vikapu vya kiwandani. Ringi ya inchi 26 ni nyembamba kidogo, na fundi mwenye akili huiweka hiyo juu kushika minyororo na ile pana chini iwe mdomo wa kikapu, ili kisahani kinachoporomoka kiangukie ndani. Mdomo huo hukaa kama sentimita 82 kutoka ardhini. Yaliyobaki ni kufuma ukuta na sakafu ya kikapu kwa waya au spoku zilizonyooshwa, kwa nafasi zinazoruhusu maji ya mvua kupita na zisizoruhusu kisahani kupenya.

Kinachostahili sifa zaidi katika ringi ni matundu yake. Mtu anayejaribu kuligawa duara katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa kwa kamba na chaki atakubali kwamba si kazi ya dakika mbili, na tofauti ndogo mwanzoni huwa pengo kubwa mwishoni, pengo ambalo visahani vitalijua haraka kuliko fundi. Ringi imekwisha kugawanywa kiwandani. Yenye matundu 36 hupokea minyororo 12 kwa kuruka matundu mawili, au 18 kwa kuruka moja. Yenye 40 hupokea 20 au 10, na yenye 32 hupokea 16. Fundi wa shabaha anarithi hapa hesabu ya watu asiowajua, waliotoboa matundu hayo kwa ajili ya spoku, na kuna raha ya pekee katika kuona usahihi uliokusudiwa kazi moja ukiitumikia nyingine bila kupungua.

Mnyororo wa baiskeli una tabia zake, na asiyezijua atatengeneza shabaha mbovu kwa vitu vizuri. Mnyororo wa kawaida wa pete zilizofungamana hupinda kila upande, lakini wa baiskeli umeunganishwa kwa vipini vilivyolala sambamba, kwa hiyo hupinda kwa wepesi upande mmoja na kukaza upande wa pili. Ukitundikwa vipini vikielekea mlingoti, utakuwa mgumu kama ufito mbele ya kisahani kinachokuja na kukirudisha kilikotoka. Ukizungushwa robo duara, vipini vikalala kwa kufuata ukingo wa ringi, utabonyea ndani kisahani kinapoupiga na kukimeza. Kazi nzima inaweza kufaulu au kuharibika kwa robo duara hiyo, na hakuna anayeitazama shabaha kwa mbali atakayeiona tofauti. Urefu nao unafaa: mnyororo mmoja una takriban mita 1.4, hivyo hutoa vipande viwili vya sentimita 60 na ushee, na kila kipande uzito wake hukaribia ule wa kisahani chenyewe. Fizikia inafundisha kwamba kitu kinachogonga kingine chenye uzito unaolingana nacho hukiachia sehemu kubwa ya mwendo wake, na kwa kuwa kisahani hugonga vipande viwili au vitatu kwa pamoja, kasi yake humalizika pale pale. Ncha za chini za vipande vyote hufungwa kwenye pete ndogo inayouzunguka mlingoti bila kukazwa, ili tabaka zima lisogee kwa pamoja, na fundi asiye na haraka huongeza tabaka la ndani la vipande vichache vya kuvizuia visahani vilivyopenya la nje.

Kamba zenye vifundo na vipande vya mpira wa ndani wa tairi navyo hutumika, na ni rahisi zaidi kuvipata. Hata hivyo ni duni, hasa Gisenyi, ambako mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na kuvipeperusha vitu vyepesi, shabaha ikabaki wazi upande mmoja. Tena havitoi sauti. Mlio wa minyororo inapopigwa ni taarifa kamili kwa mchezaji aliye mbali, na mwenye sikio zoefu hutofautisha kisahani kilichoingia katikati na kilichoparuza pembeni kabla hajapiga hatua.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Kisahani, ambacho huelea kwa kuiegemea hewa, hupata msaada mdogo na huanza kushuka mapema. Vipimo vya shabaha havibadiliki kwa sababu hiyo, lakini anayepanga uwanja atafanya vizuri kuifupisha mitupo inayovuka mabonde. Ardhi nayo ina masharti yake. Gisenyi na jirani yake Goma, iliyo upande wa pili wa mpaka, zimejengwa chini ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 1977, 2002 na tena Mei 2021, na penye mawe yake meusi kuchimba shimo la mlingoti ni adhabu. Afadhali kuchukua tairi kuukuu la gari, kuusimamisha mlingoti katikati na kujaza mawe hayohayo na saruji kidogo, kwani kitako cha aina hiyo huhamishika kwa kuviringishwa, na uwanja unaoweza kuhamishwa hauhitaji kupokonya mtu shamba katika nchi yenye uhaba wa ardhi. Mlingoti wa bomba la maji ni bora, ila wa mkaratusi unatosha, mradi usizidi unene wa kiko cha mkono, maana nguzo nene hurudisha kisahani ambacho minyororo ilikuwa karibu kukishika.

Shabaha moja ya kudumu ya kiwandani huuzwa Marekani kwa mamia ya dola, na uwanja kamili una kumi na nane. Ni rahisi kuihesabu fedha iliyookolewa na kuufanya unafuu huo kuwa sifa yenyewe, lakini kuusifu ukata ni kumvunjia fundi heshima. Mafundi wa Goma wanaochonga chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mizigo mizito ya viazi na makaa, hawapewi heshima kwa sababu mbao ni rahisi. Wanapewa kwa sababu gurudumu walilolivisha kipande cha tairi linazunguka, na mzigo unafika. Shabaha ya ringi inapaswa kupimwa kwa kipimo hichohicho. Iliyopinda, yenye minyororo iliyotundikwa kinyume na mdomo uliokaa juu mno, ni mbaya hata kama haikugharimu kitu, na inafundisha watoto kulenga vibaya kwa kuwaadhibu pale walipopatia.

Udhaifu wa kweli wa vyuma vya baiskeli ni kutu. Mnyororo wenye mafuta huchafua visahani na mikono, kwa hiyo hauna budi kuoshwa kwa mafuta ya taa kabla ya kutundikwa, na ukishaoshwa hauna kinga dhidi ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba. Vipini hukakamaa, kwanza kimoja, kisha jirani yake, mpaka kipande kilichokuwa kikibonyea kinageuka ufito, na visahani huanza kudunda upande huo mmoja bila sababu inayoonekana. Fundi hupitisha kidole kwenye kila kipande, akipata kilichokaza hukikunjakunja hadi kilegee, au hukifungua kwenye tundu lake na kutundika kingine kutoka baiskeli iliyoletwa kutengenezwa wiki hiyo.