Kitendawili Kinachostahili Mji

Kitendawili ni swali lenye malipo. Anayeshindwa kulijibu hutoa mji, na anayepokea mji hutoa jibu. Hakuna shilingi inayotoka mfukoni, lakini kila aliyewahi kusema "tumeshindwa, tunakupa mji" anajua kwamba ametozwa. Palipo na malipo pana haki ya kukagua mali kabla ya kuilipia. Mwongozo huu ni wa anayetaka kutambua kitendawili kipi kinastahili mji, kipi ni ghiliba, na mtegaji yupi ni fundi. Nimeuandika nikiifikiria Kirongwe, kisiwani Mafia, kwenye njia inayotoka Kilindoni kwenda Bweni, penye minazi kila upande, kwa sababu mtegaji hupimwa kwa vitu vya mahali pake.

Jibu liwe limekwisha kuonekana

Sharti la kwanza ni la haki: jibu liwe kitu ambacho kila aliyeketi hapo amekiona kwa macho yake. "Kondoo wetu ana nyama nje na ngozi ndani" ni firigisi. Yeyote aliyewahi kupasua kuku ameishika, akaimenya ngozi yake ya ndani, akaitupa. Akishindwa kuitaja, hana wa kumlaumu. Hapo mji umelipwa kwa haki.

Kwa kipimo hichohicho, mtu akitega theluji mbele ya watoto wa Kirongwe, hajawashinda. Amewanyima nafasi ya kushindana. Lakini akitega dafu kwa kusema, "Kisima changu kiko juu, hakitaki kamba wala ndoo," watoto hao hawana udhuru, kwa kuwa kisima hicho kinaning'inia juu ya vichwa vyao.

Uongo wa nje, ukweli wa ndani

Sharti la pili ni kwamba maneno yasikike kama jambo lisilowezekana, kisha jibu liyafanye yawe kweli tupu, neno kwa neno. "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni." Kamba isiyofunga kuni ni ya nini? Ni njia. Ni ndefu kweli, imelala chini kama kamba, na kweli haifungi kitu. Hakuna neno lililobaki bila kazi.

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kuliko vyote: likishatajwa jibu, rudia swali polepole. Kila neno likikubali kuingia ndani ya jibu, kitendawili ni kizima. Likibaki neno moja linaloning'inia, liliwekwa pale kupoteza watu tu, na mji haukustahili.

Kitendawili bora zaidi humwongezea msikilizaji sura ya kuchekesha. "Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni" ni kikombe. Ukishakijua, kila kikombe cha chai utakiona kimesimama kwa maringo. Kicheko hicho hakikuongezwa na mtegaji kwa mikogo yake. Kimo ndani ya picha yenyewe, na ndiyo maana kitendawili hiki hakijachuja hata baada ya kusikiwa mara nyingi.

Jibu moja

Kitendawili dhaifu hufungua milango mingi. "Anatembea na nyumba yake": konokono? Kobe? Na mtoto wa pwani atakutajia kaa anayehamia ndani ya kome. Wote watatu wamejibu sawasawa. Mtegaji asiye fundi atang'ang'ania jibu alilolikusudia na kudai mji. Fundi atasema "umepata," kisha atege kingine. Kukubali jibu zuri ambalo hukulikusudia ni alama kubwa ya uungwana katika mchezo huu.

Kasoro ya upande wa pili ni kulitaja jibu ndani ya swali. Anayetega "Mbuzi wangu hali majani, hula nazi" amekwisha kuitaja mbuzi ya kukunia nazi kabla watu hawajafikiri. Watoto wadogo watafurahi, lakini watu wazima wasitozwe mji kwa hilo.

Maneno machache

"Nyumba yangu haina mlango." Maneno manne, na yai limeshakamilika. Sikiliza pia sauti: kitendawili kilichokomaa husemeka kwa pumzi moja na hubaki sikioni. Mtegaji akilazimika kurudi nyuma na kufafanua, "yaani, namaanisha...", kazi yake bado ni mbichi.

Adabu ya kutega

Akisema "Kitendawili!" lazima asubiri "Tega!" Kuitikia huko ndiko kukubali kuingia katika mashindano na uwezekano wa kutozwa. Anayetega kabla ya kuitikiwa hana haki ya kudai chochote.

Watu wakikisia, mtegaji aseme "bado" kwa uaminifu. Asimcheke aliyekisia vibaya, hasa akiwa mtoto, kwa sababu mtoto aliyechekwa leo hatakisia kesho. Naye anayelijua jibu kwa kulisikia zamani, au kwa kulisoma katika kitabu cha shule, awaachie wenzake wajaribu kwanza. Kukumbuka si kufumbua. Ndiyo maana kitendawili kinachojulikana na wote hakistahili mji: hakimtegi mtu.

Mji na ucheshi wake

Taratibu hutofautiana mahali na mahali, lakini penye desturi kamili mtegaji haropoki jibu mara apewapo mji. Huusafiri kwanza: "Nilikwenda Kilwa, wakanipokea, wakanikirimu..." Hapa ndipo fundi hujulikana. Mtu wa kawaida husema alikula wali akalala. Fundi anajua kila mji una nini. Akipewa Chole, atasimulia alivyolakiwa na popo wakubwa wa kisiwa kile. Akipewa Jibondo, atadai mashua mpya kutoka kwa mafundi wake. Akipewa Kilindoni, atauliza kama papa potwe nao wamo katika raia zake.

Mji nao upimwe. Kua, katika kisiwa cha Juani, ni magofu ya mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Aliyetoa Kua ametoa mji usio na mtu wa kumpokea mgeni, na mtegaji anayejua historia ana haki ya kuukataa na kudai mji wenye watu. Mabishano hayo ni sehemu ya utamu, na humfundisha mtoto ramani na historia ya pwani yake bila ubao wala chaki.

Masimulizi ya safari yawe mafupi. Wanaosubiri jibu wamekwisha kulipa.

Mipaka ya mzaha

Mshindi aruhusiwe kuwatania walioshindwa, lakini atanie kushindwa kwao, asitanie umaskini, umbo, ndoa wala marehemu wa mtu. Mjukuu na babu yake wana utani wao, nao waweza kwenda mbali kidogo. Vipo pia vitendawili vinavyosikika kama matusi ilhali jibu lake ni kitu safi cha jikoni; hivyo ni vya marika, havitegwi mbele ya wakwe. Anayeshindwa kupima nani ameketi hapo, hata akiwa na vitendawili mia, si fundi.

Vipya vitungwe

Sanaa hii haitadumu kwa kurudia ya wazee peke yake. "Ng'ombe wangu hunywea ukutani": simu iliyo kwenye chaji. Kipime kwa masharti yale yale: jibu limeonekana na wote, picha haiwezekani mpaka ijulikane, maneno ni machache. Vitu vipya vimejaa nyumbani na barabarani, navyo vinangoja mtu wa kuvitazama vizuri.

Basi ukialikwa barazani, Kirongwe au kwingineko, nenda na kitendawili kimoja ulichokitunga mwenyewe na kukikagua neno kwa neno. Walioshindwa wakisikia jibu wakasema wenyewe "kweli kabisa!", pokea mji wako kwa furaha, ni halali yako. Wakinung'unika, warudishie mji wao, ukakitengeneze upya.