Umbo na Nafsi katika Filamu ya Terminator 2

Ni desturi ya wahakiki wengi kutenga mazingaombwe ya kiufundi na usawiri wa wahusika, kana kwamba kustawi kwa upande mmoja ni kudhoofika kwa mwingine. Filamu ya James Cameron, Terminator 2: Judgment Day (1991), inatulazimu kuutilia shaka mgawanyo huo.

T-1000, roboti wa madini yanayotiririka mfano wa zebaki, huvaa umbo la yeyote amgusaye. Hospitalini anapenya katikati ya nondo. Bastola yake tu ndiyo inayokwama. Ufundi huo wa kompyuta ni usawiri hasa: tunaonyeshwa kiumbe mwenye maumbo mengi asiye na nafsi. Kinyume chake ni roboti anayeigizwa na Arnold Schwarzenegger. Huyu hawezi kubadili umbo, ilhali kwa kuishi na mtoto John anatambua hatimaye kwa nini watu hulia. Sarah, mama wa John, naye nusura awe mashine anapokwenda kumuua Miles Dyson. Hapo hapana mazingaombwe. Anashindwa kufyatua risasi mbele ya mke na mtoto wa Dyson.

Kasoro ipo. Dyson, ambaye uvumbuzi wake ndio chimbuko la maangamizi, anajuta na kufa upesi mno, huku matukio ya kufukuzana yakitengewa nafasi tele. Hapo ufundi unammeza mhusika.

Filamu hii ilistahili tuzo ya Oscar ya athari za picha iliyopewa mwaka 1992. Hata hivyo, swali la mhakiki si wingi wa mazingaombwe, bali yanamfichua nani.