Makaa ya mawe yanapofanya kazi ya gundi

Mgodi wa chuma hauishi chenga. Punje hizo laini ukizimwaga tu katika tanuru refu la kuyeyushia, huziba njia ya hewa moto inayopanda kutoka chini. Wengi huzichoma zishikane, au huzifinyanga kuwa vidonge kwa bentonaiti. Lakini bentonaiti ni udongo: silika yake huishia kuongeza mavi ya chuma, na kuyayeyusha nayo hula moto.

Watafiti wa Kobe Steel, Japani, walijaribu kuunganisha chenga kwa makaa ya mawe yenyewe. Makaa yanayofaa kutengenezea koki, yaani mabaki magumu ya kaboni, hulainika yakikaribia nyuzi 400 za Selsiasi, hunata, kisha yakikaribia 500 hukauka na kuwa koki. Kazi yote imo katika mwanya huo mwembamba. Ukikandamiza mapema, punje za makaa bado ni ngumu; ukichelewa, gundi imeshakufa.

Kwa hiyo cha kupasha zaidi ni madini. Makaa yakipigwa na moto moja kwa moja hupoteza gesi na lami, yaani kile kile kinachonatisha. Chenga zilizopashwa vizuri zikichanganywa na unga wa makaa, huyapa joto ghafla, na kupashwa kwa haraka huongeza ulaini wake. Mchanganyiko hupita hapo hapo kati ya roli mbili zenye vishimo, zinazoyasukuma makaa laini katika nyufa za madini na kuufinya mchanganyiko kuwa briketi.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, iko ndani ya briketi. Tani 1 ya hematiti safi, madini ya chuma, ina kilo 300 hivi za oksijeni. Kilo 225 za kaboni zinatosha kuiondoa ikitoka kama kaboni monoksidi. Kaboni hiyo tayari imegusana na madini, hivyo gesi haina safari ndefu.

Ila kaboni inayoliwa ndiyo iliyokuwa ikishikilia punje. Ikiisha kabla chuma kipya hakijaungana, briketi hupondeka tanuruni.

Njia hii inaweza kufikiriwa hata Ludewa, Tanzania, ambako chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma vimo katika wilaya moja. Pa kuanzia ni kikombe kidogo cha maabara: pasha unga wa makaa, uone kama unavimba na kushikana. Makaa yasiyolainika bado yanaweza kuondoa oksijeni, lakini yatahitaji gundi nyingine.