Kitanda na Ngama

Safari haipimwi kwa urefu wa njia peke yake. Hupimwa pia kwa mahali inapoanzia na mahali inaporejea. Mtu asiye na mahali pa kurejea hasafiri, bali hutangatanga. Na mtu asiyetoka kamwe hawezi kujua kama alipo ni nyumbani au ni kifungoni. Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani, wakaliweka katika methali ya vyombo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia huenda mbele na nyuma ya chombo apendavyo, lakini mwisho hushuka tumboni mwake, mahali panapojikusanya maji na panapomngoja kazi ya kuyateka. Methali hii yafaa kuwa mizani ya kupimia kazi moja ya siku hizi ambayo vijana huijua kuliko wazee: mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Na pwani ifaayo kuishika mizani hiyo ni ile ya Mtwara na mlango wa mto Ruvuma, ambako watu wamechagua makao na kuvuka mipaka kwa karne nyingi, wala hawakufanya hivyo kwa mchezo.

Mchezo huu ulianzishwa na Mswidi Markus Persson mwaka 2009, ukatolewa rasmi mwaka 2011. Na Mojang, kampuni iliyoutengeneza, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2014. Kufikia mwaka 2023 nakala zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 300. Mchezaji hujikuta katika nchi asiyoijua, mikono mitupu, hana bwana wa kumwamuru wala njia ya kumwongoza. Kila kitu ni vipande vya mraba vinavyoweza kuvunjwa na kujengwa upya: udongo, mawe, miti, hata maji yana mahali pake. Nchi yenyewe huenea vipande milioni 30 kila upande kutoka katikati, na kipande kimoja huhesabiwa kuwa mita moja. Siku nzima, mchana na usiku, ni dakika 20. Giza likiingia hutokea viumbe vya kutisha, na hapo ndipo mgeni anapojifunza somo la kwanza: kabla ya kutafuta mali, tafuta makao.

Makao hayo, kwa sheria ya mchezo, si nyumba. Ni kitanda. Kitanda hutengenezwa kwa mbao tatu na sufi tatu, na akishalala juu yake mchezaji huwa ameweka alama ya nyumbani kwake. Akifa popote, kwa kuanguka, kwa njaa au kwa mshale, huzinduka kando ya kitanda kile, naye amepoteza alivyovibeba. Hapa mtunzi anastahili sifa. Angeweza kuwapa wachezaji ngome au bendera kuwa alama ya nyumbani. Akachagua kitu duni kuliko vyote, mahali pa usingizi. Ni hukumu ya busara. Jumba la mawe lisilo na kitanda halimpokei mwenyewe siku ya msiba, na kibanda cha udongo chenye kitanda humpokea. Methali ya pwani isingesema vingine, kwa kuwa ngama nayo si mahali pa fahari.

Lakini iko sheria ya pili, ambayo wachezaji wengi huipita bila kuitafakari. Dira ya mchezo huu haielekei kitandani. Huelekea mahali ambapo nchi ile huwapokelea wageni wake wa kwanza. Na kitanda kikivunjwa, mchezaji afapo hurudishwa huko huko. Kwa hiyo kila mchezaji ana nyumbani kuwili: moja aliyoichagua, na moja aliyopewa bila kuulizwa. Ile aliyoichagua humpokea. Ile aliyopewa humvuta. Mtu wa Mtwara halazimiki kufundishwa maana ya jambo hili. Wamakonde wako kaskazini na kusini ya Ruvuma, na katika wakati wa wakoloni wengi walivuka kutoka Msumbiji kuja Tanganyika, baadhi yao wakifuata kazi katika mashamba ya mkonge. Wengine walivuka wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964 na kukoma mwaka 1974. Walilala kaskazini ya mto, wakazaa na kuzika huko. Walakini dira ya wengi wao haikuacha kuelekea kusini. Mchezo umeiona kweli hii, na kuiona ni jambo kubwa. Tofauti ni kwamba mchezaji huvuka apendapo, na mkimbizi huvuka asipopenda. Na juu ya kuvuka kwa namna hiyo ya pili mchezo hauna neno.

Ama kuhusu safari, mchezo una dunia nyingine zaidi ya ile ya kwanza, na iliyo mashuhuri huitwa Nether. Mchezaji hujenga lango kwa jiwe jeusi la volkeno, hulitia moto, akapita. Huko ni nchi ya miamba na moto. Kila hatua moja ya huko ni sawa na hatua nane za duniani. Hata mwendo wa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ambao kwa barabara ni yapata kilometa 560, ungekuwa kilometa 70. Kwa hiyo wachezaji waliojenga mbali mbali huitumia nchi ile kuwa njia ya mkato. Lakini njia hiyo ina masharti yake. Maji yakimwagwa huko hugeuka mvuke. Dira huzunguka ovyo, haielekei popote. Na mtu akithubutu kulala kitandani, kitanda hulipuka.

Katika sehemu hii mchezo umefikia ushairi bila ya kutumia maneno. Nchi isiyo na maji, isiyo na usingizi na isiyo na mwelekeo haiwezi kuwa nyumbani, hata ikiwa na faida kiasi gani. Ni mahali pa kupita tu. Bahari nayo ilikuwa hivyo kwa mabaharia wa Mikindani. Iliwaunganisha na Kilwa, Unguja na Arabuni, lakini hakuna aliyeinywa wala aliyejenga juu yake.

Hata hivyo, ni hapo hapo upungufu wa kwanza unapoonekana. Lango la mchezo liko wazi saa zote. Bahari haikuwa hivyo. Majahazi yalitegemea pepo mbili, kaskazi na kusi, na kila upepo una majira yake. Nahodha aliyechelewa kuondoka hakuambiwa asubiri dakika 20. Aliambiwa asubiri miezi. Katika kusubiri huko alikopa na kukopesha, alioa, alizika mwenziwe, alijifunza lugha, akawa si mgeni tena. Miji ya pwani ilijengwa na kungoja kama ilivyojengwa na biashara. Mchezo uliofuta majira umefuta pia sababu iliyomfanya msafiri awe mkwe. Ndiyo maana mchezaji huweza kupita nchi elfu, asiwe na ndugu katika hata moja.

Upungufu wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni katika kuchagua mahali. Mchezaji husimama kilimani, akatazama mto, msitu na bonde, akasema: hapa. Neno hilo likishatamkwa, jambo limekwisha. Pwani ya Mtwara ina miji miwili ya jirani inayoonyesha kwamba haliishi hivyo. Mikindani ilikua kwa sababu ghuba yake ilivifaa vyombo vya tanga. Misafara ya bara ilifika hapo na pembe na watumwa, na David Livingstone alishuka hapo Machi 1866 kabla ya kuufuata Ruvuma kwenda bara. Wajerumani nao wakajenga boma lao mwaka 1895. Mtwara ya leo ilichaguliwa kwa hesabu nyingine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, ikatafuta bandari ya kina kirefu kwa meli za chuma, ikaiona Mtwara. Reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea, na mji ukapimwa kwenye karatasi kwa matumaini ya mazao ambayo hayakutokea. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Bandari ikabaki bila karanga zake, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Si kwamba Mtwara ilichaguliwa vibaya. Kina cha maji hakikudanganya, na korosho na gesi zimeipa kazi nyingine. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mahali pakishachaguliwa pamekuwa patupu. Wavuvi walikuwako Msangamkuu na Msimbati kabla ya kalamu kugusa ramani. Na hapo Msimbati, katika siku za mwisho za utawala wa Kiingereza, palitokea mtu aliyeishi kama mchezaji hasa: Mwingereza Latham Leslie-Moore, aliyejenga nyumba yake ufukweni, kisha akatangaza kwamba mahali pale ni dola yake iliyojitenga na Tanganyika. Dola hiyo haikudumu. Ilikuwa na bendera na mtawala. Haikuwa na ridhaa ya waliokuwako.

Minecraft ina wanakijiji pia. Wana pua ndefu, hulima, hufanya biashara, na huguna badala ya kusema. Mchezaji anaweza kuingia nyumbani kwa mmoja wao, akalala katika kitanda chake, akakifanya kuwa makao yake, na mwenye kitanda hana la kufanya ila kuguna. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo humpa mwenyeji sauti na humpa mgeni wajibu. Mchezo umempa mgeni kitanda, ukasahau jembe. Tena umempa mwenyeji mdomo, ukamnyima kauli.

Yamkini atatokea mtu akasema kwamba huu ni mchezo tu, na mtoto anayejenga nyumba ya mchanga haombi kibali kwa kaa. Ni hoja, lakini jibu lake limo ndani ya mchezo wenyewe. Wachezaji wengi wakikutana katika nchi moja kwa njia ya intaneti, mambo hubadilika. Aliyejenga juu ya mto huzuia njia ya aliye chini; aliyechimba karibu na kitanda cha mwenziwe huulizwa. Hutungwa kanuni ambazo mtunzi hakuziandika: nani ajenge wapi, lango la nani litumiwe na wote, nani atengeneze kilichovunjwa. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao makuu yake Nairobi, lilishirikiana na Mojang kuanzisha mpango wa Block by Block, ili wakazi wautumie mchezo huu kupanga viwanja vyao vya umma. Na miongoni mwa kazi za mwanzo ulikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Mtu asiyeweza kusoma mchoro wa mhandisi huweza kuviona vipande vya mraba na kusema: njia hii isipite hapa, watoto hucheza hapa. Hapo mwanakijiji haguni tena. Anasema.

Basi hukumu juu ya mchezo huu haina budi kuwa na pande mbili. Umejua, kuliko riwaya nyingi za safari, kwamba nyumbani ni mahali mtu anapopokelewa akiwa hana kitu, na kwamba dira ya moyo huweza kuelekea kwingine. Haukujua kwamba mahali hapo hapapatikani kwa kuchagua peke yake. Kitanda mtu hujitengenezea mwenyewe kwa mbao tatu na sufi tatu. Lakini ngama ni ya chombo kizima, na maji yake hutekwa kwa zamu. Mchezaji aliyeshika zamu yake amefika nyumbani. Asiyeishika, hata akivuka malango yote, bado anatembea kati ya tezi na omo.