Nintendo Switch 2 inataka moto na mega

Wandugu wahitimu, hii Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na wengi wanaisifu kwa kutazama picha tu. Mimi ni agronome: kabla ya kusifu mbegu nauliza udongo. Je, huku Bambu itaota?

Nafasi ya ndani ni giga 256, mara nane ya ile ya 2017 iliyokuwa na 32. Hapo nakubali. Lakini kadi memwari za zamani hazishiki michezo humu, inataka microSD Express, na hiyo iko na bei yake. Tena kuna michezo ambayo kadi yake ni ufunguo tu: unaichomeka, halafu mchezo wenyewe unautelesharji. Makumi ya giga, kwa mega za kununua! Ni kulipa mara mbili.

Bateri ndiyo inaniuma zaidi. Ni mAh 5220, kama simu nyingi tunazobeba, ila Nintendo wenyewe wanasema inadumu saa 2 hadi 6 na nusu. Switch ya 2019 ilitoa 4 na nusu hadi 9. Kuijaza ni saa 3 hivi. Mwenye pano moja ya jua, siku ya mvua, atainyima taa ya nyumba.

Marekani ilianza kwa dola 449.99, bila mchezo, bila usafiri hadi Bunia. Mwenye kiu atafute ya zamani, okazyo, na kadi zenye mchezo mzima ndani. Kioo cha inchi 7.9 ni kizuri, sikatai. Nitakitazama kwa rafiki mwenye jenereta.